Sakafu ya Nyumba ya Pareto

Kila asubuhi Prisila wa darasa la sita alimpashia bibi yake maji ya kunawa, kisha akamshika mkono mdogo wake Denis, wa chekechea, wakaenda shule.

Wiki hiyo mwalimu Hosea aliwatuma wanafunzi kuchora na kueleza majengo yaliyoachwa kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Njombe. Prisila alipewa nyumba ya zamani ya kukaushia maua ya pareto. Alipofika, manyunyu ya baridi yalianza. Alichungulia dirishani tu, akaandika: “Sakafu ni ya mbao, nzima kabisa.”

Alhamisi mwalimu aliisoma kazi ile mbele ya darasa.

“Safi sana! Darasa la chekechea linavuja. Jumatatu watahamia huko.”

“Injinia Prisila!” mwenzake Amon akatania. Wote wakacheka, isipokuwa Prisila.

Jioni, wakila viazi, Denis alijisifia darasa jipya katika nyumba ya pareto.

“Kwani lile shimo walilifukia?” bibi Emilia akauliza.

“Shimo gani, bibi?”

“La moto. Tuliwasha kuni chini, maua yakakauka juu kwenye nyavu. Kazi ilipokwisha tukalifunika kwa mbao. Si uliingia, ukaona?”

Prisila alimtazama Denis.

“Sikuingia, bibi. Nilichungulia tu.”

Bibi hakumgombeza. Alimfunika mabegani kwa kanga yake. “Kesho nitakusindikiza kwa mwalimu. Lakini utasema wewe mwenyewe.”

“Kamwene, mwalimu,” bibi alisalimia asubuhi, kisha akamsogeza mjukuu wake mbele. Prisila akasema yote. Mwalimu alichukua mti mrefu, wakaenda wote watatu. Alipogonga ubao wa katikati, ulivunjika kama biskuti, na mti ukazama wote.

Jumamosi wazazi waling'oa mbao, wakabeba mawe na udongo, wakalijaza shimo na kushindilia sakafu mpya. Jumatatu chekechea waliingia wakiimba.

Mwalimu Hosea alimwita Prisila pembeni, wenzake wasisikie, akamrudishia daftari.

“Anayesoma ulichoandika anakuamini, mwanangu. Usichokiona, andika kwamba hukukiona. Hilo si aibu. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyofanya.”

Prisila aliingia ndani, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Denis akamfuata akirukaruka. Ndipo Prisila akaandika: “Sakafu ni ya udongo, imara. Nimeikanyaga mwenyewe.”