Funguo za Nyumba ya Mawe

Pikipiki ya Boxer ilianguka Kalangalala, mjini Geita, nyuma ya maduka ya vipuri.

Dereva wake, Benjamini, aliruka akakimbia. Hakufika mbali. Doto alimdaka ukosi wa shati, akambamiza kwenye uzio wa mabati na kumwekea bastola yake ya Glock chini ya sikio.

"Dhahabu iko wapi?"

"Sina dhahabu, mkubwa. Nipekue."

Alimpekua. Simu. Sigara. Ufunguo wa hoteli.

Basi.

Wiki nzima Idara ya Usalama imemfukuzia mtu aliyesahau kurudisha ufunguo mapokezi! Doto alitaka kucheka, kisha akaupima ule ufunguo kiganjani. Aliyewahi kukaa Geita hahitaji mizani. Kibao cheusi cha namba kilichoning'inia kwenye ufunguo kilivuta mkono chini. Alikikwaruza kwa kisu. Chini ya rangi, njano.

Akabonyeza redio. "Mnara, hapa Nungu. Dhahabu inatoroshwa kwa vibao vya funguo za hoteli."

"Hoteli gani?" Huyo alikuwa Bi Mwanaima, mkuu wake, mwanamke asiyepoteza neno.

Doto aligeuza kibao, akasoma upande wa pili. Akasoma tena.

"Nungu, hoteli gani?"

"Nyumba ya Mawe. Ushetu."

"Umepata likizo, basi. Nenda kama mtalii. Namtaka mwenye mradi na kila anayegawa funguo. Kila mmoja."

"Nimepokea."

Hakumwambia kwamba amezaliwa humo.

Siku hizi kuna watu wanaopenda kwenda likizo kulala kwenye majengo ya kale. Si vibaya. Ukuta uliosimama miaka mia unastahili kutazamwa. Ila ukuta hauna mdomo, na mwenye hoteli husimulia yale tu yanayouzika. Nyumba ya Mawe ilikuwa zahanati ya misheni, na nyuma yake nyumba ya yatima. Leo vile vitanda vidogo vya chuma vimepandwa maua. Wodi ya wazazi imekuwa chumba cha fungate, ghali kuliko vyote. Wageni hupiga picha mle ndani, wakicheka.

Mama yake Doto alifia humo akiwazaa mapacha.

Land Cruiser iliingia getini mchana. Aliyeshuka alivaa suti ya kitani na miwani ya Ray-Ban yenye kamera ndogo kwenye fremu. Alijitambulisha kuwa ni Enock, mfanyabiashara wa Mbeya. Mkataa kwao mtumwa, husema watu. Doto alilipwa mshahara kwa kukataa kwao.

Mwenye hoteli, mgeni kutoka ng'ambo aliyeitwa Viktor, alimpa mkono. "Umewahi kufika huku?"

"Ndiyo mara ya kwanza."

Mapokezi alisimama mama mwenye nywele nyeupe. Mama Justa. Ndiye aliyewalea watoto wote wa nyumba ile, nao walimwita Mayu, yaani mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Hakumtambua. Kikazi ilikuwa bahati njema. Moyoni iliuma vibaya sana.

Mama Justa alitangulia na ufunguo, Viktor akafuata. Mlangoni mwa chumba cha fungate Doto aliinama, akavua viatu, akavipanga pembeni, ncha zikitazama ukuta.

Alipoinuka ndipo alipojua alichokifanya.

Hiyo ilikuwa sheria ya Mayu. Sakafu ilikuwa nyekundu, ya kupigwa nta, na mtoto aliyeikanyaga na viatu aliisugua upya. Leo sakafu imefunikwa zulia. Hakuna mtalii duniani anayepanga viatu vyake ukutani namna ile. Jasusi mzima kaumbuliwa na miguu yake mwenyewe!

Viktor aliviangalia vile viatu. "Desturi ya Mbeya?"

"Nimemwambia mimi," alisema Mama Justa upesi. "Zulia limeoshwa jana."

Viktor alicheka, akaenda zake. Mama Justa alibaki, mkono mdomoni.

"Doto."

"Mayu."

"Umekuwa mtu mzima, ng'wana wane," alisema, akimwita mwanangu kwa lugha ya nyumbani. Akamkabidhi ufunguo, akaondoka huku anafuta macho.

Jioni ile Doto alizunguka na miwani yake kama mtalii asiye na haraka. Dirishani kwenye chumba cha kufulia alimwona mlinzi, Thobias, akimimina dhahabu kwenye kalibu za vibao. Halafu akamwona anayekuja kuchukua vibao vilivyopakwa rangi, anayevifunga kwenye funguo kwa mikono yake na kuvitundika mapokezi.

Mama Justa.

Alitamani kamera iwe imeharibika. Haikuharibika.

Alimkuta nyuma ya jengo, ndani ya uzio wa minyaa. Palikuwa na mawe madogo yamepangwa ardhini, kila jiwe na mtoto wake. Mama Justa alikuwa anafagia.

"Mayu, unajua vibao vile ni nini?"

"Najua."

"Kwa nini, Mayu?"

Alinyoosha ufagio. "Alitaka kuchimba bwawa la kuogelea hapa. Alileta mpaka katapila. Nikamlilia, nikamshika miguu. Akasema nimsaidie na funguo, watoto watalala." Alifagia kidogo, akasimama. "Kulwa ni yule wa mwisho. Surua ilikuacha wewe, ikamchukua yeye. Ulikuwa unakuja kulala juu ya jiwe lake, nakubeba kwa nguvu."

Doto alilia. Hakuona haya.

"Ondoka leo, Mayu. Pita hapo kwenye minyaa. Mimi sijakuona."

"Nikiondoka nani atafagia?"

"Nitafagia mimi."

"Wewe?" Mama Justa alimtazama kwa huruma. "Umekuja nyumbani na jina la mtu mwingine."

Asubuhi Coaster ilikuwa inanguruma uani. Watalii wa Viktor, wote wabebaji wake, walipanda na mabegi, na kila begi lilikuwa na ufunguo uliosahaulika.

"Nungu, uko tayari?"

"Tayari, Mnara."

"Tunaingia."

Doto alisimama mbele ya gari. Viktor hakuwa amevisahau vile viatu. Mkono wake ulitoka kwenye koti na bastola.

Doto hakuwa na muda wa kuifikia Glock. Alirusha kilichokuwa mkononi.

Ufunguo wa chumba cha fungate ulimpiga Viktor katikati ya uso. Dhahabu ni nzito. Alidondoka kifudifudi, bastola ikateleza chini ya Coaster. Askari walimiminika getini. Watalii wakanyoosha mikono. Thobias alikamatiwa chumba cha kufulia, kalibu bado za moto.

"Nungu, mgawa funguo yuko wapi?"

Doto alishika redio. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alitafuta uongo wa kumpa mkuu wake, akaupata.

"Mnara, mgawa funguo..."

Mama Justa alitokea mlangoni, amejifunga khanga ya kanisani. Alikuja mpaka mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Sema kweli, Doto. Sikukulea uwe mwongo."

Mikono ile ilimwogesha, ilimlisha, ilimzikia pacha wake. Doto aliifunga pingu yeye mwenyewe, taratibu, isimbane.

"Mnara," alisema. "Ninaye."

Mama Justa alipanda gari la askari bila kusukumwa. Akachungulia dirishani. "Ufagio uko nyuma ya mlango wa jiko."

Hoteli ilipofungwa na wote kuondoka, Doto aliuchukua. Alivua viatu penye minyaa, akavipanga pembeni. Akafagia kutoka jiwe la kwanza. Lile la mwisho alilipangusa kwa mkono.

"Kulwa, ni mimi. Doto."

Alikaa hapo kidogo. Kisha akavaa viatu, akavaa miwani, akatembea hadi kwenye Land Cruiser kwa hatua zake za kila siku.

Redio ilikoroma. "Nungu, kazi nzuri. Unaelekea wapi?"

"Kahama," alisema Doto, akiwasha gari. "Kununua ufagio. Huu wa Mayu umekwisha."