Saini ya Mama Vipimo

Kila asubuhi Mama Vipimo alifagia kibaraza, kisha akafungua duka. Alipanga mkate, sabuni, unga na mafuta ya kupikia. Watu walimwita Mama Vipimo kwa sababu hakumpunja mtu. Mume wake, fundi cherehani, alishonea nguo hapohapo kibarazani. Alishona, akavuta sigara, akakohoa, akashona tena.

Sigara zilikaa mbele kabisa, ndani ya kabati la kioo. Kabati hilo lilikuwa la msambazaji wa sigara. Mtaani walimwita Bwana Katoni, maana hakuonekana bila katoni begani.

Siku moja alikuja mikono mitupu.

"Mama, umesikia? Wabunge wanataka kupandisha kodi ya sigara."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Ukikaa kimya, utafunga duka. Mteja wa sigara akiondoka, anaondoka na mkate wako na sabuni yako."

Duka lile lilikuwa linalisha watu sita.

"Kesho wenye maduka wanakutana," Bwana Katoni alisema. "Njoo. Soda ipo."

Alikwenda. Mlangoni palikuwa na meza, na juu yake karatasi yenye mistari.

"Saini hapa mama, uchukue soda yako."

Akasaini. Alidhani ni karatasi ya mahudhurio.

Baada ya siku tatu Bwana Katoni alirudi akitabasamu. "Hongera! Alhamisi utasema mbele ya kamati ya wabunge. Maneno ni haya. Wewe soma tu." Akamwachia karatasi, akaenda zake.

Mama Vipimo alikuwa amejifunza kusoma mwaka uliopita, kwenye darasa la watu wazima. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. *Sisi wenye maduka madogo tunapinga kodi. Bila sigara, watoto wetu watalala njaa.* Akageuza ukurasa. Chini yake palikuwa na nakala ya ile karatasi yenye mistari. Saini yake ilikuwa ya nne.

Akampelekea mume wake karatasi zile.

"Soma tu, yaishe," mume wake alimwambia. "Tukimuudhi, atachukua kabati lake. Ataacha kutuletea mzigo. Halafu?"

Mama Vipimo alizichukua karatasi zake. Alikwenda kwa jirani yake, mhudumu wa afya wa mtaa. Alimkuta akianua nguo.

"Dada, mbona umepauka hivyo?"

"Nimesaini kitu nisichokisoma. Watanifunga?"

Mhudumu wa afya alisoma karatasi zote mbili mpaka mwisho. Hakumcheka.

"Hakuna wa kukufunga. Lakini nikuulize, haya maneno ni ya kweli?"

"Sijui. Ndiyo maana naogopa. Kodi ikipanda, duka si litakufa?"

"Mwaka juzi sigara zilipanda bei. Ulifunga?"

"Hapana."

"Wateja walifanyaje?"

Mama Vipimo alifikiri. "Seremala aliacha kuvuta. Alininunia wiki nzima, ungedhani nimemwibia nyundo."

"Akaacha kuja dukani?"

"Aa, anakuja. Siku hizi anachukua maziwa na mikate miwili." Hakuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

"Sitakudanganya," jirani alisema. "Kwenye sigara utapungukiwa. Lakini mtu akiacha kununua sigara, pesa ile atanunulia kitu kingine, na wewe una duka. Kodi inaingia kwenye bei. Bei ikipanda, wengine hupunguza kuvuta, wengine huacha, na vijana wengi hawaanzi kabisa. Mimi kila siku naona sigara inavyoharibu mapafu na moyo."

Kutoka kibarazani kwa Mama Vipimo kikohozi kilisikika. Wote wawili walikisikia.

"Na saini yangu?" Mama Vipimo aliuliza.

"Saini ni yako, unaweza kuiondoa. Mwandikie karani wa kamati. Sema uliambiwa nini uliposaini, na nini hukuambiwa. Kamati inapokea maoni ya mwananchi yeyote. Hata anayepinga kodi ana haki ya kusema. Ila aseme maneno yake mwenyewe."

Waliandika barua ya mistari mitano. Mama Vipimo aliichana mara mbili, akaanza upya.

Alhamisi ikafika. Chumba cha kamati kilikuwa kikubwa na baridi. Bwana Katoni alikaa nyuma yake, karibu sana. Mama Vipimo alisikia anavyopumua.

Mwenyekiti aliinua karatasi yenye mistari. "Mama, saini hii ni yako?"

Alilifikiria duka. Aliwafikiria wale watu sita.

"Saini ni yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Maneno si yangu. Mimi nilisaini nipate soda."

Wabunge wakacheka. Kicheko kile kilimpa pumzi. Akaeleza habari za seremala na maziwa yake. Akaeleza kikohozi cha mume wake. Kisha akatoa barua yake.

Kesho yake kabati lilichukuliwa. Bwana Katoni hakusalimia mtu. Mbele ya duka pakabaki pengo.

"Nilikuambia," mume wake alisema.

Mchana, mwenye duka la ng'ambo ya barabara alikuja akiangalia huku na huku.

"Mimi ni wa saba kwenye ile karatasi," alinong'ona. "Hiyo barua yako uliiandikaje?"

"Mwenzangu, hata mimi bado naogopa. Kaa, tuandike."

Wiki iliyofuata, barua kumi na tisa za wenye maduka waliosaini kama yeye zilimfikia karani.

Kodi ilipandishwa. Siku bei mpya ilipoanza, Mama Vipimo alifungua duka moyo ukimdunda. Sigara, ambazo sasa alizifuata mwenyewe sokoni, zilinunuliwa chache kweli. Lakini pale mbele, palipokuwa na kabati, aliweka mayai na maziwa, na kila siku yaliisha kabla ya saa sita. Mume wake alipunguza kuvuta. Baadaye alimwomba jirani ampeleke kliniki, asaidiwe kuacha.

"Usidhani nimekusikiliza wewe," alisema. "Ni bei tu."

"Haya, mume wangu."

Asubuhi moja, mwezi wa pili tangu bei ipande, wateja watano walikuwa wanasubiri. Mama Vipimo alisimama ghafla, mkate mkononi. Ilikuwa saa nne, na tangu afungue duka alikuwa hajakumbuka kuogopa.

"Mama, umelala umesimama?" mteja alimtania. "Nipe huo mkate!"