Mistari ya Binadamu

Ubao wa namba ulifika tisini na tisa, ukazimika, kisha ukawaka mtupu. Ukumbi mzima wa leseni ukalipuka kwa kelele. Watu wenye vikaratasi vya foleni wakaanza kusukumana na kuulizana nani anamfuata nani, na mlinzi akabaki kunyoosha mikono kama anayezuia mbuzi wasiingie shambani.

"Aliyeandika hii programu hakufikiria kuna siku watafika watu mia," alinung'unika mwanamume mmoja mrefu, shati lake la drafti limepauka kwenye kola.

"Alifikiria," ikajibu sauti ya kike nyuma yake. "Ila bosi wake alimwambia amalize leo leo."

Akageuka. Aliyekuwa amesimama pale ni mwanamke wa rika lake, gauni la kijani limemkaa sawasawa, miwani kaipandisha juu ya nywele fupi, na uso wa mtu anayetafuta wa kubishana naye.

"Umejuaje?"

"Kwa sababu na mimi nimewahi kuandika upuuzi kama huo. Na wewe pia, usinidanganye."

"Mimi? Kamwe!"

"Muongo wewe! Unaonekana machoni."

Wakabishana juu ya kosa la ule ubao kwa raha zao, mpaka ukatengenezwa na namba zao zikapita bila wao kusikia. Walitoka pale bila leseni, ila kila mmoja akiwa na namba ya simu ya mwenzake.

Walikuwa watu wa zama moja. Wote wawili walijifunza kuandika programu kwa vitabu vinene vya kuazima, kwenye kompyuta za kupokezana zamu. Programu ikigoma, ulikuwa unaomba msaada kwa watu usiowajua kwenye mtandao, na kabla hujasaidiwa ulitukanwa kwanza. Wengine wakikutana husimuliana mambo ya shule. Hawa wawili walisimuliana matusi waliyoyapata, na wakacheka hadi chai ikapoa.

Mwanamke alikuwa mkuu wa timu kwenye kampuni inayotengeneza mifumo ya zahanati. Haukupita muda akamvuta mwenzake pale. Vijana wa ofisini wakambatiza jina la Mkongwe, kwa vile kila kitu alitaka kukiandika kwa vidole vyake mwenyewe. Mkongwe naye akampa mwanamke jina la Mkaguzi, kwa sababu hakuna kazi yake iliyoingia kwenye mfumo kabla yule mwanamke hajaisoma mstari kwa mstari. Ndivyo kazi ile ilivyokuwa ikifanywa: mmoja anaandika, mwenzake anasoma na kuacha maoni yake pembeni, kisha ndiyo inapita.

Sasa, ndani ya programu kuna mistari ambayo kompyuta huiruka. Huwekwa kwa ajili ya binadamu atakayesoma baadaye, kumweleza kwa nini jambo limefanywa hivi na si vile. Mkongwe aliigeuza mistari ile kuwa uwanja wa mapenzi. Aliandika: "Usiguse hapa, nimeteseka sana." Mkaguzi akamjibu pembeni: "Pole mpenzi, lakini hii takataka, rudia." Akaandika: "Leo umependeza mpaka nimekosea hesabu mstari wa juu." Akajibiwa: "Hesabu hukuwahi kuijua. Asante lakini."

Wapo wanaopendana kwa sura na wapo wanaopendana kwa mapishi. Mkongwe alipenda kusomwa, na hakuwahi kupata mtu aliyemsoma kwa makini namna ile.

Kisha mambo yakabadilika. Kampuni ikanunua akili bandia, ile inayoandika programu yenyewe ukiiambia tu unachotaka. Vijana wakaipa jina la Shemeji, eti kwa sababu inakaa na wake za watu kutwa nzima na hakuna anayeshtuka. "Muulize Shemeji." "Shemeji kashamaliza." Kazi iliyokuwa ikichukua wiki ikawa inatoka kabla ya chakula cha mchana, na yote ikamiminika mezani kwa mkuu wa timu ikasubiri kusomwa.

Mkongwe alimkataa Shemeji katakata. "Mimi siandikiwi," alisema, na vijana wakamcheka chini chini.

Siku hizo maoni ya Mkaguzi yakaanza kuwa ya upole. "Kazi nzuri." "Tafadhali badilisha jina hili." Takataka hazikutajwa tena. Mkongwe akafurahi peke yake, akaamini mapenzi yamemlainisha ulimi.

"Mdogo wangu," dada yake alimwambia kwenye simu, "utaoa lini? Au unasubiri hiyo kompyuta ikuzalie?"

"Nitamuuliza wiki hii, dada. Nimeshapata pa kumuulizia."

"Pa kumuulizia? Mtu anaulizwa usoni, bwana!"

"Wewe hujui mambo yetu."

Asubuhi moja, katikati ya programu ya kupanga miadi ya wagonjwa, akaandika kwenye ile mistari inayorukwa: "Kwa Mkaguzi wangu. Nimechoka kuagana na wewe kila jioni. Nikuoe? Nijibu hapa hapa." Akaituma. Kupitia ukuta wa kioo alimwona mpenzi wake kwenye chumba cha mikutano, amevaa suti ya zambarau, anacheka na mabosi, kompyuta yake iko wazi mbele yake.

Jibu lilirudi kabla hajaketi vizuri. Lilikuwa na jina la mpenzi wake na ile picha yake ndogo ya miwani juu ya nywele.

"Maelezo haya hayahusiani na kazi. Tafadhali yaondoe. Mengine yako sawa."

Alilisoma mara mbili. Akatazama tena kiooni, akamwona bado anacheka, na kicheko kile kikamchoma kuliko maneno yenyewe. Akaifuta ile mistari kama alivyoambiwa. Kazi ikapita.

Mchana Mkaguzi alikuja mezani kwake. "Mkongwe, njaa inaniua. Twende."

"Nina kazi."

"Kazi haikimbii, mpenzi."

"Tuache mambo yasiyohusiana na kazi," alisema bila kuinua macho.

Mwanamke akadhani ni utani, akasubiri mwisho wake. Utani haukuja, akaondoka peke yake. Jioni akapiga simu.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Umesema ulichokuwa nacho moyoni."

"Nimesema nini mimi?"

"Unakijua."

"Wallahi sikijui! Niambie basi!"

"Kama umekwisha kusahau, hilo ndilo baya zaidi." Akakata simu, machozi yanamlengalenga. Dada yake alipomsihi aende akaulize vizuri, alisema hawezi kukataliwa mara mbili kwa jambo moja. Kiburi kilimkaba, na yeye akakiita heshima.

Aliacha kazi, akapata nyingine upande wa pili wa jiji. Huko hakuna aliyemuuliza kama anataka Shemeji au hataki. Shemeji ndiye aliyeandika, yeye alikuwa wa kubonyeza kukubali. Mwanzoni alisoma kila mstari. Halafu akawa anasoma mwanzo na mwisho. Halafu akawa anabonyeza tu huku anakunywa chai, na alijichukia kwa hilo mpaka akazoea.

Hapo ndipo ukaja ujumbe mrefu wa Mkaguzi. Alikuwa kaumia na hakuficha: hali wala halali, amekuwa wa kuulizwa na mama yake kila siku kwa nini amekonda, na ombi lake ni moja tu, aambiwe kosa lake. Ujumbe ulimkuta Mkongwe kikaoni, bado ana hasira, na hakujua aanzie wapi. Akampa Shemeji. "Mjibu. Mwambie yamekwisha, kwa upole." Jibu likatoka refu na zuri. Akasoma sentensi ya kwanza, akatuma.

Miezi ilipita. Siku moja simu yake ikaita wakati wa mapumziko.

"Usikate," alisema Mkaguzi, anahema. "Nimeona. Nimeiona ile mistari yako. Tukutane leo, nakuomba."

Wakakutana saa kumi kwenye mgahawa wa ghorofani, kwenye jengo la maduka lenye zogo la watoto na ngazi za umeme. Alikuja na gauni la bluu, hana hereni, miwani iko machoni, na kweli alikuwa amekonda. Mkongwe alipomwona tu alijua kwamba bado anampenda, tena vibaya.

"Mfumo wa zahanati uliharibika," alianza kabla hajaketi. "Shemeji alitafuta kosa akalikosa. Ikabidi nikae mwenyewe nisome kazi zote za nyuma, hata zilizofutwa, kama zamani. Nikafika kwenye yako. Nikaona ulichoniuliza. Nikaona nilichokujibu. Sikuwa mimi."

"Jina lilikuwa lako."

"Jina langu, mkono wake. Kazi zilinizidi, nikamwachia Shemeji ajibu kwa niaba yangu. Nilijiambia za kwako nitazisoma mwenyewe. Leo nitasoma, kesho nitasoma..."

"Tangu lini?"

Akainamisha kichwa. "Tangu alipoingia."

Mkongwe alikumbuka zile "kazi nzuri" zote alizojivunia, na ile furaha yake ya ulimi uliolainika. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu mkubwa.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea peke yangu."

"Nisamehe, mpenzi. Nakosa hata pa kuuficha uso." Akaushika mkono wake juu ya meza. "Jibu langu lingekuwa ndiyo. Ningepiga ukelele mle kikaoni, wangenifukuza. Niulize tena. Niulize hapa hapa, kwa mdomo wako."

Mkono wake ulikuwa wa moto. Mkongwe alihisi zile hasira za miezi yote zikimlegea kifuani. Akavuta pumzi ya kuuliza. Midomo ilikwisha kufunguka.

"Unajua nini kilinipa nguvu ya kukupigia?" Mkaguzi aliendelea, anatabasamu huku anajifuta machozi. "Ujumbe wako. Nilikuwa nausoma kila siku kabla ya kulala, nimeukariri. Hasa pale kwenye mlango. Nikasema, mtu aliyeandika vile hajaacha kunipenda."

"Mlango gani?" akauliza Mkongwe.

Lilimtoka lenyewe. Mkaguzi akamtazama, tabasamu bado liko usoni lakini halina tena kazi pale. Alikuwa mkaguzi kwelikweli, hakuhitaji kuelezwa.

"'Nimeufunga mlango huu kwa mkono unaotetemeka,'" alisema polepole, "'na ufunguo nimekuachia wewe.' Hukuandika wewe hayo."

"Nilikuwa kikaoni..."

"Hata kuyasoma hukuyasoma."

"Mwanzo niliusoma."

Akauachia mkono wake. "Ngoma droo, Mkongwe."

"Lakini wewe ndiye ulianza!" Alijua ni neno la kitoto wakati linamtoka.

"Ndiyo. Mimi nilianza. Na nilikuja kuomba radhi kwa hilo." Akaokota mkoba wake. "Ila mimi sikukupuuza nikiwa nimekusoma. Wewe ulinisoma nikikulilia, ukanitafutia mtu wa kunijibu."

"Subiri. Kaa. Nakuuliza sasa hivi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikuoe?"

Mkaguzi alisimama, watu wanampita kushoto na kulia. Alimwangalia kama alivyokuwa akizitazama kazi zake zamani, kwa makini, hadi mwisho.

"Hapana," alisema, na akateremka.

Mkongwe hakumfuata. Alikaa mbele ya vikombe viwili vya chai ambavyo hakuna aliyevigusa, mpaka simu ikatetemeka mezani. Ilikuwa dada yake, ambaye tangu alipoambiwa habari za mkutano huu alikuwa hashikiki kwa furaha.

"Haya, bwana harusi! Umemuuliza?"

"Nimemuuliza, dada."

"Usiniambie ni yale mambo yenu ya maandishi tena."

"Usoni. Na safari hii amejibu mwenyewe."

"Ehe! Amesemaje?"

Alitaka kulisema kwa sauti ya kawaida, ikamshinda. Akalia pale pale, mtu mzima, mbele za watoto wa watu, na dada yake akawa anaita jina lake upande wa pili wa simu bila kujibiwa.