Uji wa Mwani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Muhsina alimpa mama yake vidonge vitatu na maji. Mama mwenyewe hakuweza kushika bilauri. Mikono ilimtetemeka, moyo ulimwenda mbio hata akiwa amelala, na shingoni alikuwa na rovu, ule uvimbe wa tezi. Mama huyu, Mwanafatuma, ambaye pale kijijini Bodo hakuna aliyemshinda kufunga mwani kambani, sasa nguo zilimpwaya.

Siku kumi zikapita bila nafuu. Muhsina akavichukia vile vidonge. Shuleni alikuwa amesoma kwamba rovu huletwa na upungufu wa iodini, na mwani una iodini tele. Nyumbani mlikuwa na magunia mawili ya mwani mkavu! Basi msichana akajiona amewashinda madaktari kwa akili. Akausaga mwani, akaupikia uji, na vidonge akavificha nyuma ya mtungi.

"Na dawa yangu, mwanangu?" mama aliuliza.

"Nimeisaga humo humo, mama."

Mama akaunywa wote, akamwombea dua.

Wiki ya tatu ya uji huo mama alianguka jikoni, mwili ukichemka homa, hamtambui mtu. Hospitalini, Daktari Dzombo aliuliza, "Dawa ametumia kila siku?"

"Naam, daktari," alijibu bibi yake Muhsina. "Mjukuu wangu humpa mwenyewe."

Muhsina angeweza kunyamaza. Lakini alimwona mama akihema kwa shida, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Sikumpa," alisema huku akilia. "Nilimpa uji wa mwani, nikamdanganya."

Daktari alibadilisha matibabu papo hapo. Baadaye alimwita Muhsina kando.

"Marovu si ya aina moja. Tezi ya mama yako inatengeneza homoni kupita kiasi, na huitengeneza kwa iodini. Vidonge huizuia kutengeneza nyingine, lakini ile iliyokwishatengenezwa huchukua wiki kadhaa kwisha mwilini. Dawa ilikuwa kazini, nawe ukaikatiza, tena ukailisha tezi iodini ya mwani."

Mama alirudi nyumbani baada ya mwezi. Mikono ilikuwa imetulia, lakini moyo ulikuwa umedhoofika, na kwenye mwani hakurudi tena.

"Ukweli wako umemwokoa mamako," bibi alisema. "Lakini ungeusema mapema, mjukuu wangu. Dawa haiachwi bila kumwuliza daktari, na mgonjwa hafichwi anachopewa."

Asubuhi iliyofuata Muhsina alivihesabu vidonge kwa sauti, mama asikie. Mama hakuvitazama. Alifumba macho, akafungua kinywa, akamwamini kama zamani. Hapo ndipo Muhsina alipolia kwa kwikwi.