Kazi Yangu Ilibeba Jina la Kevin

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na minane na ninaishi Bulla Pesa, Isiolo. Haya ninayoandika yananichoma hadi leo...

Mimi hutengeneza programu za kompyuta. Kwa miaka mitatu kampuni moja ya Nairobi iliniruhusu kufanyia kazi nyumbani, kwa sababu mama yangu amepooza upande mmoja na hana mwingine wa kumlisha.

Shida ilikuwa mtandao. Ukitaka kuingiza kazi kwenye mfumo wa kampuni, unakatika! Ndipo Kevin, tuliyesoma naye chuo na aliyekaa ofisini, akaniambia, "Usijali, siste. Nitumie kidogo kidogo kwa simu, mimi niingize hapa. Si sisi ni kitu moja?"

Nikamwamini. Kazi ikawa inaingia kwa jina lake, nami nilijua, nikanyamaza. Cha muhimu si ifike? Kwenye vikao nilizima kamera, maana nilionea haya chumba chetu na kitanda cha mama.

Kisha bosi akatangaza kila mtu arudi ofisini. Angebaki nyumbani mmoja tu, yule ambaye kazi yake inaonyesha hahitaji kusimamiwa. Nilifurahi... nani mwingine kama si mimi?

Siku ya kikao cha kuamua, mtandaoni kama kawaida, akafungua orodha ya kazi. Jina langu lilionekana mara mbili tu! Akauliza miaka yote hiyo nilikuwa nafanya nini. Nikamwomba Kevin aseme ukweli. Alikuwa kando ya bosi, namwona kabisa kwenye skrini. Akainamia simu yake.

Nikatafuta jumbe zetu nimwonyeshe bosi, mtandao ukakatika! Uliporudi, kikao kilikuwa kimekwisha. Nilizituma baadaye, sikujibiwa.

Nafasi ya kubaki nyumbani akapewa Kevin... Kevin huyo huyo wa ofisini! Mimi niliambiwa nihamie Nairobi au niache. Ningemwachia nani mama? Niliacha.

Mama hakunibembeleza. "Halima, hata mbuzi tunakata masikio ndio tujue ni yetu. Wewe kazi yako uliacha bila alama?"

Nililia kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Ndugu zangu mnaofanya kazi mbali na ofisi, nawasihi... mtandao ukikatika, subirini. Heri mgombezwe kwa kuchelewa, bora kazi iingie kwa jina lenu. Na fungueni kamera! Mimi nilikificha kitanda cha mama. Laiti bosi angekiona, angalau angejua anamfukuza nani.