Wadudu wa Majitaka

Kila Jumamosi Jelagat aliosha vyombo na kufagia jikoni, ndipo aruhusiwe kwenda kucheza. Yeye na mama yake, Wakalenjin kutoka Kenya, walikaa Lanham, Maryland, nchini Marekani, katika nyumba za ghorofa. Mama huyo, Chepkirui, alifanya kazi ya kutunza wazee.

Jumamosi moja ya mwaka 1998, baada ya mvua ya siku mbili, bomba la majitaka lilifurika nyuma ya nyumba.

"Msiyakanyage maji yale," Mama aliwaonya Jelagat na wenzake. "Yamejaa wadudu."

Jelagat akaenda kuchungulia. Hakuona nzi wala funza. Mama naye kwa kutia chumvi! akawaza.

Walipokuwa wakicheza mpira, Layla, jirani yao kutoka Unguja, alimpita mbio. "Mkalenjin gani wewe usiyejua kukimbia? Hata bata anakushinda!"

"Rudia!"

"Bata wee!"

Kofi la Jelagat likalia pwaa! Layla hakuwa wa kuonewa. Alimtwanga ngumi ya pua, damu ikachuruzika. Wakavutana nywele, wakang'atana, wakabingirika mpaka ndani ya majitaka. Kipande cha chupa kikampasua Jelagat goti.

"Nimeanguka kwenye ngazi," alimwambia mama yake, akiogopa adhabu.

Jumatatu goti lilikuwa limevimba kama boga, na mstari mwekundu ulipanda pajani. Homa ilimtetemesha hata meno yakagongana. Hospitalini daktari alikamua usaha, Jelagat akapiga mayowe.

"Ngazi haifanyi hivi," daktari alisema. "Nisipojua kilichoingia humu, nitakisia dawa tu, na mguu huu unaweza kupotea."

Jelagat akaangua kilio. "Mama, tulipigana kwenye majitaka! Lakini sikuona mdudu hata mmoja!"

Mama akashika kichwa. "Nilimaanisha bakteria, mwanangu! Hawaonekani kwa macho. Mle bombani wamegandamana kwenye utelezi wa kuta, ukoo kwa ukoo. Hawa wanakula uchafu, wale wanakula mabaki ya wenzao. Huko wana kazi yao. Wakiingia kwenye damu, ni vita."

Daktari alibadilisha dawa. Siku ya nne mstari ulififia. Siku ya kumi Jelagat alichechemea hadi kwa kina Layla, akaomba radhi.

Aliporudi, Mama alimkalisha karibu naye. "Kusema wadudu bila kukueleza, hilo kosa langu. Kupigana, lako. Ila kilichotaka kukukata mguu ni ule uongo wa ngazi. Daktari hutibu anachoambiwa. Ukimficha, umemfunga macho halafu ukampa kisu."