Kadi Kuukuu ya Kuan-yu

Jumamosi, soko la kompyuta la Taipei lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo. Kuan-yu, muuza kadi za michoro, zile zinazoendesha skrini ya kompyuta, mwenye ulimi wa asali, aliinua macho akakutana na msichana wa gauni la njano.

"Dada, chukua hii. Mfalme wa kadi!"

"Mfalme gani anafunga milango, programu yake siri? Nataka kadi ambayo programu ya kuiendesha ni huria. Niisome, nikitaka niirekebishe."

Kuan-yu akacheka, akamtolea kadi kuukuu. "Hii basi. Ikikusumbua, nirudie."

Msichana huyo, Pei-shan, alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, hata bila kusumbuliwa. Wakawa wapenzi.

Mwezi wa nane likaingia jina: Tomasz. Tambi zinapoa bakulini, Pei-shan yuko kwenye simu, anatabasamu.

"Ndiye anayeandika ile programu, yuko Poland. Kadi yetu inazima skrini ovyo, tunatafuta kosa."

"Mnatafuta? Na mimi muuzaji nimekufa?"

"Wivu huo, baba wee!"

Alicheka yeye. Kuan-yu hakucheka wiki nzima. Tomasz asubuhi, Tomasz jioni! Mwishowe, Pei-shan akiwa kazini, aliingia kwake kwa ufunguo aliopewa, akaichomoa ile kadi kuukuu, akachomeka mfalme mwenyewe, taa nyekundu zinawaka. Tuone huyo Tomasz atasema nini.

Jioni simu ikalia.

"Kuan-yu, skrini nyeusi! Kadi yangu iko wapi?"

"Nimekuwekea bora, mpenzi."

"Bora kwa nani? Programu yangu haiitambui! Leo tunajaribu marekebisho, Tomasz ananisubiri!"

"Na asubiri mpaka aote mvi!"

"Nirudishie kadi yangu. Usipoileta, usinipigie tena."

Aliileta, ameloa mvua, shati jeupe limemganda mgongoni, moyoni ameshaachwa. Pei-shan aliipokea bila salamu, akaichomeka, akaandika, akaendesha marekebisho ya Tomasz. Skrini ikawaka, ikatulia, haikuzima. Nusu saa baadaye akamgeuzia skrini.

"Soma."

Kosa likirekebishwa, waandishi wa programu hizo huorodhesha waliosaidia, dunia nzima ione. Kuan-yu akasoma: *Amerekebisha: Tomasz. Amejaribu: Liao Pei-shan, kwa kadi aliyouziwa na mchumba wake, Tseng Kuan-yu.*

Masikio yakamwaka moto. "Mchumba? Mbona sijakuposa?"

"Nimechoka kungoja. Utaniumbua mbele ya dunia?"

"Thubutu!"

"Basi kauze huyo mfalme wako, ukanunue pete."